Historia ya kujinyonyoa nywele na kujichuna ngozi, na kwa nini kugombeza hakusaidii



Mmezoea sisi tukiandika historia ya vita, ya mipaka na ya marais. Leo tunaandika historia ya kitu kidogo. Ni vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, vinashika unywele mmoja na kuuvuta. Halafu mwingine. Halafu mwingine tena, mpaka sehemu ya kichwa inabaki peupe. Ama ni vidole vinavyotafuta kipele usoni au kigaga mguuni, vinakichuna mpaka damu inatoka, na kesho vinarudi palepale kabla kidonda hakijapona.

Tumeandika juu tunawaona watu wa namna hii. Katika kazi yetu ya kujitolea tunapita nyumba kwa nyumba, tunakaa na watoto kwenye michezo, tunasikia mengi. Kuna msichana anafunga kitambaa kichwani hata wakati wa jua kali, na hataki mtu akiguse. Kuna kijana anavaa mikono mirefu mwaka mzima. Hatutawataja, na tafadhali msianze kuwatafuta. Lakini majibu wanayopewa yanafanana kila mahali. Watu wa maombi wanasema ni pepo. Majirani wanasema ni bulozi. Mwalimu anasema ni kukosa adabu. Mzazi anachukua wembe ananyoa kichwa chote, ama anapaka pilipili kwenye vidole. Wengine wanachapwa kabisa.

Sasa sisi tukajiuliza: hii kitu ilianza lini? Ni ya kwetu tu, kwa sababu ya vita na kukimbia? Tukasoma, tukakuta hapana. Watu wameiandika kwa zaidi ya miaka 2,000. Na makosa mengi tunayowafanyia hawa watoto leo, wasomi wakubwa wa Ulaya na Marekani waliyafanya kabla yetu, tena kwa muda mrefu. Ndiyo maana tunasema historia yao ni mali yetu pia. Ukijua mwenzako alipotea njia wapi, wewe hulazimiki kupita humo.

1. Nywele za msiba na nywele za kujificha

Wanaosoma Biblia wanamjua Ezra. Katika kitabu chake, sura ya 9, aliposikia habari mbaya juu ya watu wake alirarua nguo na kung'oa nywele za kichwa na za ndevu. Wagiriki wa zamani nao walinyonyoa nywele kwenye huzuni kubwa. Na kwetu nywele zina maana wakati wa matanga, kuna familia ambazo wote wananyoa. Hiyo ni desturi. Inafanywa mbele za watu, kila mtu anajua sababu yake, na ina mwisho. Matanga yakiisha, nywele zinaachwa ziote.

Hii tunayoizungumza ni nyingine. Inafanyika kwa kujificha, hakuna aliyekufa, na haina siku ya kumaliza.

Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliiona tofauti hii. Katika kitabu chake juu ya maadili, sehemu ya saba, anataja watu wanaonyonyoa nywele zao na wanaotafuna kucha, na palepale anataja wanaokula makaa na udongo. Hao wa udongo tunawajua vizuri, si unauzwa hata sokoni na wamama wenye mimba wanaununua. Jambo kubwa ni mahali alipowaweka hao watu. Hakuwaweka pamoja na waovu. Alisema vitu hivi vinatoka kwenye maumbile, ugonjwa au mazoea, na mtu wa namna hiyo hatuwezi kumhesabu kama mtu aliyeshindwa tu kujizuia.

Huyo hakuwa na darubini wala maabara. Lakini kwenye jambo hili alikuwa mbele ya watu wengi waliokuja baada yake.

2. Donge la tumboni

Tunaruka karne nyingi mpaka Ufaransa, mwaka 1779. Mtu anaitwa Baudamant aliandika habari ya donge la nywele lililokutwa ndani ya tumbo la mgonjwa. Baadaye habari za namna hiyo ziliendelea kuandikwa. Sababu ni hii: baadhi ya wanaojinyonyoa wanautia unywele mdomoni, wanautafuna au kuumeza. Na tumbo la mtu haliwezi kusaga nywele. Zinakaa humo, zinajisokota, zinakuwa donge, na donge linakua pole pole.

Mwaka 1968 madaktari watatu, Vaughan, Sawyers na Scott, waliandika juu ya madonge yenye mkia mrefu unaoshuka mpaka kwenye utumbo. Wakayapa jina la Rapunzel, yule msichana wa hadithi ya Wajerumani mwenye nywele ndefu zinazoning'inia kutoka mnarani. Jina zuri, lakini ugonjwa wenyewe unahitaji upasuaji.

Tunaliweka hili mapema kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote. Mtoto anayekula nywele, kisha anaanza kuumwa tumbo, kutapika, kukosa hamu ya chakula, kukonda, au unashika tumbo unasikia kitu kigumu, apelekwe kwenye kituo cha afya. Na mzazi amwambie daktari wazi kwamba mtoto anakula nywele. Usione haya. Daktari asipoambiwa, anaweza kutafuta minyoo peke yake.

3. Madaktari wa ngozi wanatoa majina

Mwaka 1875 huko London, daktari wa ngozi Erasmus Wilson aliandika juu ya wagonjwa wanaojichuna ngozi bila kuweza kujizuia. Huyu alikuwa tajiri na mtu wa sifa, ndiye aliyelipia safari ya lile jiwe refu la Misri linaloitwa Sindano ya Cleopatra, kutoka Alexandria mpaka London. Yeye aliuita ugonjwa huu kwa jina la neva. Siku zile neno la neva lilikuwa kama gunia, kila kitu kisichoeleweka kilitupwa humo.

Mwaka 1889, Paris, daktari mwingine wa ngozi, François Henri Hallopeau wa hospitali ya Saint-Louis, aliandika juu ya kijana mwanaume aliyejinyonyoa nywele. Alitengeneza jina kutoka Kigiriki kwa maneno matatu: nywele, kuvuta, na wazimu. Ndiyo ile trikotilomania ambayo madaktari wanaitumia mpaka leo. Kichwa cha makala yake kilizungumza juu ya upara unaotokana na kujikuna. Alikuwa anaangalia ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo ilikuwa kazi yake.

Hapa kuna vitu viwili vya kushika. Cha kwanza, lile neno la wazimu limebaki ndani ya jina kwa zaidi ya miaka 130, ingawa wenye tabia hii si wendawazimu. Wanasoma, wanapika, wanafanya kazi, wanalea watoto. Jina linaweza kumtia mtu aibu hata kabla hajamwona daktari. Cha pili, mgonjwa wa Hallopeau alikuwa mwanaume.

Kwa nini tunasisitiza hilo? Kwa sababu baada ya hapo hadithi iligeuzwa. Mwaka 1898 Mfaransa mwingine, Louis Brocq, aliandika juu ya kujichuna chunusi, na kwenye jina lenyewe akaweka neno wasichana. Kidogo kidogo watu wakazoea kwamba haya ni mambo ya wasichana na vioo vyao. Kliniki nazo zilipokea wanawake wengi kuliko wanaume, basi watu wakaona imethibitika.

Lakini fikirieni. Mwanaume mwenye sehemu peupe kichwani ananyoa kipara, anatembea, hakuna anayemwuliza. Akinyonyoa ndevu, anasema amenyoa. Mwanamke hana pa kujificha kwa urahisi hivyo. Mwaka 2020 uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 10,000 wa Marekani ulitoka: wanaojinyonyoa nywele walikuwa 1.7 kwa mia, na tofauti kati ya wanaume na wanawake karibu haikuwepo. Wanaojichuna ngozi kiasi cha ugonjwa walikuwa 2.1 kwa mia. Hiyo ni Marekani, hatuwezi kuipeleka moja kwa moja kambini. Ila inatuonyesha kwamba wavulana wapo, wamenyamaza tu.

4. Wakati mama alipolaumiwa

Katikati ya karne ya 20 ugonjwa ulihama kutoka kwa madaktari wa ngozi kwenda kwa wafuasi wa Freud. Hao waliona kila kitu ni ishara ya kitu kingine. Nywele zikawa ishara, mkono ukawa ishara, na mtu wa kulaumiwa akapatikana: mama. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Greenberg na Sarner, waliandika kwamba tatizo limo kwenye namna mama na mtoto wanavyoshikamana vibaya, na tabia ya kunyonyoa nywele ni sehemu ya huo uhusiano wao.

Mnaona inavyofanana na huku kwetu? Kule walisema mama amemlea vibaya. Huku wanasema bibi amemloga, ama mama wa kambo. Maneno ni tofauti, lakini kazi yake ni moja: kutafuta mtu wa nyumbani wa kubebeshwa mzigo. Na mzigo ukishabebeshwa mtu, mtoto bado ananyonyoa nywele, na sasa nyumba nayo imevunjika.

5. Mwaka 1973: mtu anauliza mkono unafanya nini

Mabadiliko yalitoka mahali ambapo hapakuwa na sifa kubwa, hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili katika mji mdogo wa Anna, jimbo la Illinois, Marekani. Nathan Azrin na mwenzake Gregory Nunn waliacha kuuliza nywele zina maana gani. Wakauliza: mkono unaanza wapi, unapita wapi, unafanya nini kabla ya kuvuta?

Mwaka 1973 walichapisha njia yao, wakiwa wameijaribu kwa watu 12 wenye mazoea mbalimbali, kama kutafuna kucha, kunyonya kidole, kunyonyoa kope na kutikisa kichwa. Waliandika kwamba tabia zile zilipungua sana kwa muda mfupi. Mwaka 1980 wakaandika tena, safari hii juu ya wanaojinyonyoa nywele peke yake. Njia hii imejaribiwa na wengine mara nyingi baada ya hapo, na mpaka leo ndiyo mzizi wa matibabu. Ina sehemu tatu ambazo hazihitaji mashine wala dawa.

Ya kwanza ni kujitambua. Wengi wananyonyoa bila kujua, wanashtuka nywele ziko kwenye mapaja. Inatokea wakati wa kusoma, kuangalia simu, kusubiri usingizi, kukaa peke yako. Mtu anaanza kuandika: saa ngapi, nilikuwa wapi, mkono gani, nilikuwa najisikiaje. Baada ya wiki moja anaona njia ambayo mkono wake umezoea kupita.

Ya pili ni kuupa mkono kazi nyingine. Ukisikia hamu inakuja, au ukikuta mkono umeshafika kichwani, unafanya kitu ambacho hakiwezi kufanyika pamoja na kunyonyoa. Unakunja ngumi na kuishikilia kwa dakika moja hivi, au unashika kitu, mpaka hamu ipite. Na hamu inapita. Inapanda, inafika juu, inashuka.

Ya tatu ni mtu wa karibu. Mtu mmoja katika familia au rafiki, aliyechaguliwa na mwenye tatizo mwenyewe, anamkumbusha kwa upole na kumsifu anapofanikiwa. Sikilizeni vizuri hapo. Hawa walikuwa wataalamu wa tabia, kazi yao kupima na kuhesabu, na walichokiandika kwa familia ni sifa na ukumbusho wa upole. Kiboko hakimo.

Kwa nini kugombeza kunashindwa? Kwa sababu wengi wananyonyoa zaidi wakiwa na wasiwasi, aibu au upweke. Ukimgombeza unamwongezea wasiwasi na aibu, halafu anakimbia kukaa peke yake. Umempa vitu vyote vitatu. Mkono unarudi kichwani.

6. Karibu miaka 100 kuingia kwenye orodha

Madaktari wa akili wa Marekani wana kitabu chao kikubwa cha orodha ya magonjwa. Trikotilomania iliingia humo mwaka 1987 tu, yaani miaka 98 baada ya Hallopeau. Tena iliingia kwa masharti: mgonjwa lazima asikie msongo kabla ya kuvuta na nafuu baada ya kuvuta. Kumbe wengi hawasikii hivyo, wale wanaonyonyoa bila kujua. Hao walibaki nje ya mlango. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2013, na mwaka huohuo kujichuna ngozi nako kukapata nafasi yake kwenye kitabu kwa mara ya kwanza. Kutoka Erasmus Wilson mpaka hapo ni miaka 138.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha yake mpya mwaka 2019, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo kunyonyoa nywele na kuchuna ngozi vimewekwa pamoja katika kundi moja, mazoea ya kujirudia yanayoelekea mwili wa mtu mwenyewe. Kwetu hii si habari ndogo. Mtoto wa kambi akifika kliniki leo, kilicho naye kina jina katika orodha ya dunia nzima. Si kitu cha kuchekesha.

Katikati ya hiyo miaka kulikuwa na watu wawili tunaopenda kuwataja. Mwaka 1989 daktari Susan Swedo na wenzake walijaribu dawa mbili kwa wanawake 13, na moja, klomipramini, ikafanya vizuri zaidi kuliko nyingine. Idadi ni ndogo, lakini iliwafanya madaktari wengi waanze kuuchukulia ugonjwa huu kama kazi yao. Na mwaka 1991 huko California, Christina Pearson, mwanamke aliyejinyonyoa nywele tangu usichana wake, alianzisha kituo cha watu wenye tatizo hili. Watu walioishi miaka mingi wakidhani wako peke yao duniani wakaanza kukutana. Sisi wa vikundi vya vijana tunajua nguvu ya hilo. Kuna siku mtu anapona nusu kwa kusikia tu mwenzake akisema, na mimi pia.

Juu ya dawa tuseme wazi. Mpaka tunapoandika, Marekani haijaidhinisha dawa yoyote maalum kwa ajili ya kunyonyoa nywele. Mwaka 2009 dawa inayoitwa asetilisisteini ilijaribiwa kwa watu wazima 50 kwa wiki 12. Kati ya walioitumia, 56 kwa mia walipata nafuu kubwa, na kati ya waliopewa vidonge vya bure visivyo na dawa, 16 kwa mia. Watu walifurahi. Mwaka 2013 ikajaribiwa kwa watoto 39, haikuonyesha tofauti. Basi mtu asije akakuuzia vidonge dukani akasema ndiyo dawa ya nywele za mtoto wako.

7. Panya na mtoto wa barabarani

Sehemu hii tumeipenda zaidi. Mwaka 2002 Joy Greer na Mario Capecchi wa chuo kikuu cha Utah, Marekani, waliandika juu ya panya ambao jeni moja, inayoitwa Hoxb8, ilikuwa imeharibiwa. Panya wale walijilamba na kujisafisha kupita kiasi mpaka manyoya yakaisha na vidonda vikatokea. Waliwafanyia hivyo hata wenzao waliokaa nao. Mwaka 2010 timu ya Capecchi ikaandika kwamba walipowawekea uboho wa mifupa kutoka kwa panya wazima, tabia ile ilipungua.

Panya si mtu, na hakuna anayesema mtoto wako awekewe uboho. Lakini hakuna aliyemlea vibaya yule panya. Hakuna bibi aliyemloga. Hakukosa adabu. Kitu ndani ya mwili wake kilikuwa kinausukuma mguu wake.

Na huyu Capecchi ni nani? Alizaliwa Verona, Italia, mwaka 1937. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakati wa vita alitenganishwa na mama yake, akaishi sehemu ya utoto wake barabarani na katika vituo vya watoto yatima, akiiba chakula ili aishi. Vita vilipoisha mama yake alimpata hospitalini huko Reggio Emilia, amedhoofika kwa njaa, wakahamia Marekani. Mwaka 2007 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya jeni za panya. Mtoto aliyepotezana na mama kwa sababu ya vita ndiye aliyeongoza kazi hii. Tunaiacha hapo, kila mtu wa grupu hii aielewe kwa namna yake.

8. Sisi tufanye nini hapa

Swali la kwanza watu wanalotuuliza ni kama hii inatokana na vita. Tunajibu kwa uangalifu. Wasiwasi na maisha magumu vinaweza kuizidisha, hilo ni kweli. Lakini wapo watu wengi wenye tabia hii ambao hawajawahi kusikia mlio wa risasi, na mara nyingi inaanza wakati wa kubalehe, miaka 10 mpaka 13 hivi. Kwa hiyo usimlazimishe mtoto akuhadithie alichokiona njiani ili eti nywele ziote. Akitaka kuhadithia, msikilize. Asipotaka, bado anaweza kusaidiwa mkono wake.

Pili, si kila upara ni kunyonyoa. Mapunye, ule ugonjwa wa kuvu kichwani, yana magamba, yanawasha, yanaambukiza watoto wengine, na yana dawa kliniki. Nywele zinazokatika pembeni mwa uso mara nyingi ni za kusukwa kwa kubana sana. Upara wa duara, laini kabisa, unaotokea ghafla, unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Anayejinyonyoa mara nyingi ngozi ya kichwa ni safi, na katikati ya peupe kuna vinywele vifupi vya urefu tofauti tofauti. Usihukumu kwa macho, mpeleke aangaliwe.

Tatu, vitu vinavyowezekana hapa bila pesa. Kata kucha fupi. Funga kitambaa saa zile ambazo mkono unapenda kutembea, na iwe kwa kukubaliana naye, isiwe adhabu. Zungushia plasta kidole gumba na cha shahada, kidole kikikosa kushika vizuri mtu anashtuka na kujitambua. Mpe mkono kazi: kuchambua maharage, kupukusua mahindi, kusuka kamba, kufuma, kushika shanga mfukoni. Anayejichuna uso apunguze muda wa kioo. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, vifunikwe. Kidonda kikivimba, kikawa cha moto, kikatoa usaha, au homa ikaja, ni kliniki siku hiyohiyo.

Wazazi wetu, mama na papa, tunaomba kwa heshima. Acheni kunyoa kwa nguvu, acheni pilipili, acheni kumsimamisha mtoto mbele ya wageni na kumfunua kichwa. Maombi hatuyakatazi, wengi wetu tunaomba. Ila mtoto asifungwe, asichapwe, asinyimwe chakula kwa sababu ya nywele.

Wewe yaya wa nyumba, mwenye mdogo wa namna hii, mwulize kitu kimoja tu: unataka nikukumbushe namna gani? Wengine wanapenda uwaguse bega, wengine uwaite jina, wengine hawataki kabisa. Fanya alichosema.

Na wewe unayesoma huku mkono uko kichwani, hatukujui na hatutakuuliza. Anza na karatasi: saa, mahali, mkono gani. Wengi wanapata nafuu kwa njia hii. Kuna siku itarudi, hasa wakati wa mawazo mengi, na hapo unaanza tena palepale ulipoishia. Ukihisi umechoka kuishi, usikae na hilo peke yako, mwambie mtu unayemwamini au mhudumu wa afya leo.

Ilichukua madaktari zaidi ya miaka mia moja kuacha kuulaumu mkono. Sisi tumeisoma yote kwa usiku mmoja. Anayetaka kuongea atuandikie inboksi, atajibiwa na mtu mmoja na maneno yatabaki hapo. Wengine, mpelekeeni mzazi mmoja somo hili asomewe, hata kama hajui kusoma.

Kwa leo tunaishia hapo.